Sarafu ya Kirumi yenye askari wawili: ni ya kaisari gani?

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kuitambua sarafu niliyorithi kwa marehemu baba yangu mdogo, aliyesoma Misri na kuinunua Alexandria. Ni ya shaba iliyogeuka kahawia, upana wake milimita 17 hivi, na mizani ya sonara imeonyesha gramu 2.4. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume anayetazama kulia, amevaa taji la utepe. Kushoto nasoma CONSTANTI, na kulia herufi zimelika, isipokuwa AVG mwishoni. Upande wa pili wamesimama askari wawili wenye mikuki, katikati yao bendera mbili za kijeshi, na chini ya miguu yao pameandikwa SMALA. Sonara ananishauri niisugue kwa ndimu ili maandishi yajitokeze. Je, ni ya nani?

Mwalimu wa historia, Kondoa
Ndugu yangu, tafadhali usiiguse kwa ndimu. Tabaka hilo la kahawia ndilo linaloshikilia herufi zilizobaki, na asidi ikilila, jina litaondoka nalo.

Sura isikushughulishe sana, kwa kuwa mafundi wa wakati ule walimchora Konstantino Mkuu na wanawe kwa mtindo unaokaribiana mno. Anzia kwenye bendera. Sarafu za aina hii, ambazo maandishi yake ya nyuma ni GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi, zilifuliwa zikiwa na bendera mbili kuanzia mwaka 330 hadi 335 hivi. Baadaye sarafu zilipunguzwa ukubwa na bendera ikabaki moja. SMALA ni alama ya kiwanda cha Alexandria, na A ya mwisho ni karakana yake ya kwanza. Katika miaka hiyo cheo cha AVG, yaani Agusto, alikuwa nacho Konstantino Mkuu peke yake, ilhali wanawe waliandikwa NOB kwa kuwa walikuwa bado makaisari wadogo. Kwa hiyo, ikiwa AVG umeisoma sawasawa, mwenye sarafu ni baba mwenyewe.

Mkusanyaji, Singida
Nakubaliana na Mwalimu, ila herufi inayofuata CONSTANTI ihakikiwe: ikiwa N, jina ni CONSTANTINVS, ikiwa V, ni CONSTANTIVS, mwanawe. Ilaze sarafu chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, kisha izungushe polepole. Kagua pia ukingo, maana za bandia zilizomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mshono unaozunguka ukingo, au vitundu vidogo vya hewa usoni.

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma
Nimefanya hivyo kwa tochi na lenzi. Kulia kwa kichwa, N inaonekana wazi, V na S kwa shida, kisha MAX kabla ya AVG. Ukingo hauna mshono. Nawashukuru sana, nitaihifadhi kwenye bahasha kavu ya karatasi, bila kuiosha.