Ujerumani: bweni, WG au kwa familia? Wapi mtu anapata marafiki?

mwenge_juu: Habari wakuu. Mdogo wangu kapata udahili wa uzamili Leipzig, muhula wa baridi, unaanza 1 Oktoba. Hela ya Sperrkonto (akaunti iliyofungwa, hela inatoka kidogo kidogo kila mwezi) inampa euro 992 kwa mwezi. Anaweza kukaa bweni la Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi), au WG (wanafunzi wanakodi nyumba moja, kila mtu na chumba chake), au kwa familia ya Kijerumani. Bei tunaziona. Tunachohofia ni amalize miaka miwili akiwa anajuana na Wabongo wenzake tu. Ipi inafaa?

shangazi_wa_bonn: Kabla ya kuuliza bweni au WG, uliza jiko liko wapi. Mabweni ni ya aina mbili. Kuna kichumba chenye jiko na bafu ndani, na kuna vyumba kadhaa vya korido moja vinavyotumia jiko moja. Fomu ya maombi huwa inauliza unataka kipi. Wageni wengi hukimbilia cha peke yao kwa sababu ya faragha, halafu inafika Februari hawamjui hata jirani wa ukuta wa pili. Kule Desemba jua linazama saa kumi alasiri, na watu hawapigi hodi bila miadi. Jikoni ndiko mnakutana bila kualikana. Achague la pamoja, na aombe siku hiyohiyo barua ya udahili inapotoka, maana foleni huenda miezi.

kariakoo_berlin: Shangazi, nakubali nusu. Jiko la korido litamletea Mhindi, Mkolombia na Msiria, marafiki wazuri kabisa, lakini lugha ya pale mara nyingi inageuka Kiingereza. Anayetaka Kijerumani cha mezani aende WG.

Ila WG zinatofautiana. Tangazo likisema *keine Zweck-WG*, maana yake hawatafuti mtu wa kuchangia kodi tu, wanataka wa kuishi naye: kula pamoja, kupiga soga. Barua ya maombi iwe ya Kijerumani hata kama kimepinda, fupi, na itaje kitu kilichoandikwa kwenye tangazo lao. Barua moja iliyotumwa nyumba arobaini inajulikana mstari wa kwanza. Wakivutiwa watakuita usaili, hata kwa video.

Tahadhari: "mwenye nyumba" aliye nje ya nchi anayetaka amana kwanza ndipo atume funguo kwa posta ni tapeli. Amana halali haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto.

Mkenya_Baridi: Familia ni nzuri kwa wale wa sekondari wanaoenda na AFS au YFU (mashirika ya kubadilishana wanafunzi), kwa sababu huko familia imejitolea kumpokea mtoto kama wake. Kwa mtu wa masters ni nadra. Kilicho karibu na hiyo ni mpango wa *Wohnen für Hilfe*, upo miji kadhaa ikiwemo Köln na Freiburg: unaishi kwa mzee au familia, na badala ya kodi unafanya kazi saa moja kwa mwezi kwa kila mita ya mraba ya chumba. Chumba cha mita 15, saa 15: bustani, sokoni, kuonyesha simu inavyotumika. Kuuguza mgonjwa hakumo. Maji na umeme unachangia. Kijerumani chako kitakua haraka, lakini rika lako utalitafuta kwingine.

karani_mtaa: Popote atakapokaa, adai *Wohnungsgeberbestätigung*, karatasi ya mwenye nyumba ya kujisajili manispaa. Muda ni wiki mbili tangu kuhamia. Baadhi ya wanaopangisha kwa muda mfupi hukataa kuitoa. Hapo kibali cha ukaazi kitakwama, kwa hiyo aulize kabla ya kulipa. Ada ya redio ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi. WG mnagawana. Chumba cha bweni kilichofunguka kwenye korido ya wote kwa kawaida huhesabiwa makazi kamili, unalipa peke yako.

shangazi_wa_bonn: Niongeze yanayovunja urafiki, maana si ubaguzi kila mara. Zamu ya usafi ikiandikwa jina lako Jumapili, Jumatatu imechelewa. Kelele mwisho saa nne usiku. Madirisha yafunguliwe wazi dakika tano hadi kumi, hata kwenye theluji, la sivyo ukuta unaota ukungu na mwenye nyumba anakata amana. Ukikaanga dagaa funga mlango wa korido, fungua dirisha. Ukifanya kinyume king'ora cha moshi kitaamsha jengo zima.

Na "karibu siku moja" kwao si mwaliko. Sema Ijumaa, saa moja jioni, pilau. Watakuja saa moja kamili, sufuria iwe tayari! Siku ya kuzaliwa usimpongeze mtu kabla ya tarehe, wanaona ni nuksi. Na mwenye siku ndiye huleta keki.

mwenge_juu: Basi aanze bweni la jiko la pamoja, kisha WG Aprili?

kariakoo_berlin: Inawezekana, ila asome mkataba kwanza. Mabweni mengi hukubali mtu atoke mwisho wa muhula tu, 31 Machi au 30 Septemba, na notisi inatakiwa mapema. Akianza kutafuta WG Machi, tarehe ya notisi itakuwa imeshapita.