Lango la Ukutani lifungwe magharibi, au lisifungwe kabisa?

Mleta mada

Wakuu, heshima yenu. Nina jambo la mchezo ambalo limeacha kuwa mchezo, nalileta hapa tulijadili.

Kila Jumapili baada ya alasiri tunakutana watu saba kibarazani kwa rafiki yetu, Sinza. Panakuwa na karatasi ya manila, dadu mbili na birika la chai ya tangawizi. Tumebuni mji, unaitwa Ukutani. Umezungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe wenye malango matatu: la Bahari, la Soko na la Msitu. Nje kuna msitu, na msituni kuna mazimwi. Kila mmoja ana cheo chake. Yupo kadhi, yupo mkuu wa soko, yupo msemaji wa wachota maji. Mimi ni bawabu mkuu, funguo zote tatu ziko kiunoni kwangu. Mambo ya mji yanaamuliwa barazani kwa kura. Dadu zinaamua yale ambayo baraza haliwezi: mvua, ndui, na zimwi litatoka lini.

Sheria yetu ya kwanza ilisema lango lifungwe ikiadhiniwa magharibi. Niliipendekeza mimi, ikapita bila ubishi. Wachota maji wanaishi nje kwa sababu mkuu wa soko alishasema ndani viwanja vimekwisha (ana bustani kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, ila hayo tuyaache). Kisima nacho kiko nje, upande wa msitu. Alfajiri wanaingia na maji, jioni wanatoka. Tuliona tumepanga vizuri sana.

Jumapili mbili zilizopita zimwi likatoka mapema. Wachota maji wakakimbilia lango la Msitu, wakakuta nimeshafunga. Msemaji wao, dada mmoja ambaye siku za kazi anafundisha sekondari, akaigonga meza kweli kweli mpaka chai ikamwagika. Nikasema sheria ni sheria. Dadu zikarushwa: sita na sita. Wanne wakaliwa. Asubuhi mji mzima ukaamka hauna maji, na ndoo iliyokuwa fedha moja ikawa fedha sita. Mkuu wa soko alikuwa na mapipa yake, akauza.

Tukagombana hadi saa mbili usiku. Na kilichoniudhi ni kwamba nilipokuwa najitetea nilisikia maneno ninayoyajua. Nimeyasikia mtaani kwangu.

Mtaa wetu, ambao sitautaja, umewekewa geti. Bomba la chuma lenye rangi nyekundu na nyeupe, kibanda cha bati, mlinzi mmoja mchana na mmoja usiku. Uamuzi ulifanyika kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba, wapangaji hatumo. Mimi niliona tu risiti ya hela ya ulinzi, elfu ishirini kwa mwezi, na nalipa. Kibandani kuna daftari la kaunta na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa viatu ili isiibiwe. Ukipita na gari hakuna anayekuuliza kitu. Anayeandikishwa ni wa miguu, tena si wote, ni wale wanaoonekana hawakai pale.

Alhamisi moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisimama hapo nikimsubiri boda, nikalichungulia daftari. Lina safu nne: jina, simu, anakotoka, anakokwenda. Mama anayetuuzia mihogo ya kuchemsha alikuwa mbele yangu, beseni kichwani, anaandika kwa mkono mmoja. Kwenye "anakotoka" akaandika Tandale. Kwenye "anakokwenda" akaandika "kote".

Yule mama anapita nyumba kwa nyumba, angeandika nini kingine? Mlinzi naye hakucheka. Akamwambia ataje namba ya nyumba moja.

Basi swali langu ni moja, la Ukutani na la huku: lango lifungwe au libaki wazi, na nani anatakiwa kuwa barazani linapoamuliwa? Maana nimesahau kuwaambia kwamba msemaji wa wachota maji ana sauti kwenye baraza letu, ila hana kura. Sheria hiyo pia niliiandika mimi. Nawasilisha.

Mkazi wa Kawe

Mkuu, unaandika vizuri lakini naona hujawahi kuvamiwa. Mwaka 2022 lile wimbi la Panya Road, wale vijana wa mapanga, sisi tulilala sebuleni familia nzima, wanangu katikati, panga chini ya kochi. Kila mbwa akibweka tunakaa. Ulinzi shirikishi uliitishwa, vijana wakazunguka wiki tatu, hela ya soda ikaisha na wao wakaisha. Ndipo tukachangishana, tukaweka mageti mawili. Tangu hapo nalala.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi sitaki linile hata kidogo. Mama wa mihogo kuandika jina ni nusu dakika, tena mama mwenye nia njema hatachukia.

Boda wa Mwenge

Nusu dakika ya kwako, bosi. Mimi kwa siku napita mageti kama kumi. Kuna mitaa naambiwa abiria ashuke getini atembee, akishuka anasema nauli ipungue maana sijamfikisha. Kuna geti lingine mlinzi hafungui mpaka nimpe mia tano ya maji. Hiyo hela haina risiti.

Mrusha dadu

Jamani, ni mji wa kubuni! Mazimwi! Kila kitu lazima kiwe Dar? Jibu la mchezo ni rahisi: nunueni mshale wa moto, chomeni msitu, mada ifungwe.

Mzee wa Ilala

Kijana wangu mrusha dadu, ukichoma msitu kuni utatoa wapi. Kaa hapa tuzungumze.

Mleta mada, swali lako lina wazee wenzake. Chukua Kalenga, kule Iringa. Mkwawa aliuzungushia mji wake ngome ya ukuta, watu wakaamini haiingiliki. Wajerumani wakaja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Akaendelea kuwasumbua porini hadi 1898, bila ukuta wowote, kwa kuwa watu wa vijijini walimficha na kumlisha. Ndugu yangu wa Kawe alifikirie hilo: ngome ilivunjwa kwa mizinga, lakini wale waliokuwa nje yake walimtunza karibu miaka minne.

Halafu kuna Harar, Ethiopia. Mji wa kale wa Waislamu, ukuta wao wanauita Jugol, wenye malango matano ya asili. Lakini chini ya ukuta ule kuna matundu madogo. Hayakuachwa kwa bahati mbaya, ni ya fisi. Enzi zile malango yakishafungwa usiku, fisi waliingia kwa matundu yale, wakala mabaki na mizoga vichochoroni, alfajiri wakatoka. Watu wa Harar walijua mji unachafuka na lazima mtu ausafishe, basi wakampa msafishaji mlango wake, hata kama msafishaji ni fisi. Sisi anayekuja na mkokoteni kuzoa taka tunamwandika kwenye daftari.

Na Dar yetu hii, Sultani Majid alipoanza kuijenga miaka ya 1860 hakuizungushia ukuta. Bandari ya salama, bahari mbele, mashamba nyuma. Waliokuja baadaye ndio waliotugawa: Uzunguni huku, Uhindini pale, Waafrika Kariakoo, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu. Wajerumani waliuwazia, Waingereza wakaukamilisha, sababu iliyotajwa ni afya, eti magonjwa yasivuke. Uwanja wenyewe ni Mnazi Mmoja. Leo tunapiga picha za harusi na watoto wanacheza mpira, lakini ulikuwa ukuta, sema tu haukuwa na mawe.

Kingine, jina Kariakoo limetoka kwa *Carrier Corps*, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi yao ilikuwa pale. Kwa hiyo wachota maji wa Ukutani hukuwabuni wewe, walikuwepo, na walilazwa upande wa pili wa uwanja.

Mkazi wa Kawe

Mzee, shikamoo. Historia nimeipokea. Lakini nikivamiwa usiku siwezi kumsomea mwizi habari za Mnazi Mmoja.

Mzee wa Ilala

Marahaba. Hapo umenipata.

Mama wa mapacha

Nami nina langu, nitalisema kwa kifupi maana bado linanitetemesha. Uchungu ulinianza saa nane usiku. Mume wangu akaita bajaji, ikafika getini ikakuta kufuli. Mlinzi hayupo, ufunguo anao yeye. Tukapiga honi, tukapiga simu kwenye kundi, wote wamelala. Nilitembea kwa mguu kutoka nyumbani hadi kwenye geti, nikainama chini ya lile bomba na tumbo la mapacha. Naomba mlifikirie hilo. Kuinama. Wanangu wazima, namshukuru Mungu, wana miaka mitatu sasa. Geti lile nililichangia mwenyewe.

Sisemi liondolewe. Nauliza, gari la zimamoto likija litainama?

Na tukumbushane pia kwamba barabara ya mtaa si uwanja wa mtu. Tangu 2017 barabara hizi zina wenyewe, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkitaka kuzuia barabara ya umma kuna pa kuomba, na kuna mkutano wa mtaa ambao mpangaji naye ni mkazi na ana haki ya kunyoosha mkono. Kundi la WhatsApp siyo serikali ya mtaa.

Mkazi wa Kawe

Pole sana dada. Hilo la ufunguo kweli tumelizembea hata huku. Kesho naliuliza. Lakini la mkutano wa mtaa nalo tuseme ukweli, unaitishwa wanakuja watu kumi na wawili, saba wamefuata mhuri.

Mleta mada

Ahsanteni wote. Mama wa mapacha, nimesoma mara mbili, nikaenda kumuuliza mlinzi wetu wa usiku ufunguo wa akiba anao nani. Akasema mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti wa kamati yuko Dodoma tangu mwezi jana.

Ndugu wa Kawe, hofu yako siibezi, nami usiku nikisikia hatua nje nazima taa nisikilize. Ila nililiangalia tena lile daftari ukurasa kwa ukurasa, mlinzi ameshanizoea. Muuza mihogo, fundi bomba, dada wa kazi, dada wa kazi, mzoa taka, muuza samaki, dada wa kazi. Tangu lianze halijamkamata mtu. Mwizi hajawahi kujiandikisha, na kama amewahi kuingia basi aliingia na gari. Nimebaki na orodha kamili ya watu wanaotufanya tuishi, saa walizoingia na namba zao za simu, imeachwa kibandani, anayetaka anaifungua.

Sasa habari za Jumapili. Niliwapelekea wenzangu habari ya matundu ya Harar, birika la kwanza likaisha bila kurusha dadu. Nikapendekeza wachota maji wapewe kura. Kadhi akaunga mkono, mkuu wa soko akakataa akasema anayelala nje hawezi kumwamulia anayelala ndani. Yule dada mwalimu akamuuliza, "Na anayelala ndani amekuwa akimwamulia nani siku zote?" Tukapiga kura tukiwa saba kasoro yeye, kwa kuwa hana kura. Tatu kwa tatu. Mwenye kibaraza, yule rafiki yetu wa Sinza, akatumia turufu yake ya uzee, akakataa.

Kisha likaja pendekezo la kati, ambalo nakiri nililipenda: lango lifungwe magharibi kama zamani, ila chini ya ukuta litobolewe tundu, mtu akikimbizwa na zimwi apate pa kupenya. Likapita nne kwa mbili. Mkuu wa soko akaongeza sharti kwamba tundu liwe dogo, mtu apite bila mzigo. Tukakubali, tukalichora kwenye manila kwa kalamu ya wino, upande wa Msitu. Upana wa dole gumba.

Dada mwalimu akalitazama lile tundu muda mrefu. Halafu akavuta karatasi yake, akafuta palipoandikwa "ndoo" kwenye orodha ya vifaa vya wachota maji, akaandika "kibuyu".

Mkuu wa soko akauliza ndiyo nini hiyo.

"Mmetupimia tundu," akasema, "na sisi tumepima chombo kinachopita humo. Kuanzia kesho maji yataingia hivyo, kibuyu kimoja kimoja, mchana na usiku. Bei ni ile ile ya ndoo."

Dadu bado hatujarusha. Jumapili ijayo ni zamu yangu.