Mrejesho: Rav4 iliyokuwa inakunywa mafuta, tatizo limepatikana

Wakuu habari za leo. Mwezi uliopita niliwauliza kama niuze Rav4 yangu ya 2003, cc 1998, nichukue kagari ka cc 1300, maana lita moja ilikuwa hainifikishi hata kilomita 7, kwa safari zangu za Mbezi hadi Posta, Dar, kila siku. Siuzi tena.

Yule mkuu aliyeniambia niuchunguze mshale wa temperecha, ubarikiwe sana aisee. Kweli bwana, barabara ikifunguka tu mshale unashuka mpaka karibu na C, yaani upande wa baridi. Fundi akafungua pale inapokaa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, tupu kabisa! Kumbe kuna fundi wa nyuma aliitoa eti gari isichemshe. Sasa injini ikibaki ya baridi kompyuta inajua gari bado halijapata moto, inazidi kumwaga mafuta, huku mimi nabadilisha plagi na kusafisha nozeli, hela inaenda tu. Tumefunga mpya inayofungukia nyuzi 82, na kuulenti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji ya bomba.

Tairi nazo upepo ulikuwa chini ya ile namba ya kwenye stika ya mlango wa dereva, nimejaza.

Nimepima hivi: fulu tenki, nikatembea kilomita 372, nikarudi pampu ileile zikaingia lita 38. Karibu 9.8 kwa lita na foleni ni ileile, nimefurahi mno.

Imebaki ringi ya nyuma kushoto, nikiishika ina moto kuliko zingine, nahisi breki inakamata. Jumamosi tunafungua.