Gumzo la nyumba ya Langoni: bakuli, mbwa na chungu cha maua

Zuhura (20:05): Assalamu alaykum nyote. Ami Bakari yuko? Nina swali, naona haya kumuuliza mtu mwingine.

Mama: Waalaykum salam mwanangu. Sisi tushaswali Isha, huko saa ngapi?

Zuhura: Saa tano asubuhi mama. Si kitu kikubwa. Ni mbwa.

Swaleh: 😂😂 nilijua tu mbwa atatajwa

Mama: Amekuuma??

Zuhura: Hajaniuma. Amelamba bakuli langu la uji. Nililiweka chini nifunge kamba za viatu, kugeuka ashamaliza.

Ami Bakari: Hukumu yake waijua, ulisomeshwa chuoni. Chombo huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo.

Zuhura: Naijua Ami. Udongo nautoa wapi? Minnesota hii, Januari, theluji yafika magotini na ardhi chini yake ni jiwe. Nimechimba kwa kijiko, kijiko kikapinda.

Swaleh: Kijiko cha watu 😂😂

Zuhura: Nikachota kwenye chungu cha maua sebuleni. Niko kwenye sinki nasugua, mama mwenye nyumba akaingia. Akatazama bakuli. Akatazama chungu chake. Akanitazama mimi.

Khalati Mwanaisha: Ya Rabbi! Akasemaje?

Zuhura: Hakusema. Akatabasamu akatoka, na mpaka sasa kimya. Naogopa atawapigia wale wa YES, mpango wa wanafunzi ulionileta huku, nitafutiwe nyumba nyingine.

Ami Bakari: Kwani hao walipwa ngapi kukuweka?

Zuhura: Hata senti, Ami. Familia zote za mpango huu hujitolea, mwaka mzima wa masomo. Kitanda chao, chakula chao.

Mama: Hawalipwi, nawe wawachimbia maua yao 🙈

Bibi: [ujumbe wa sauti 0:52]

Swaleh: Kwa wasio na bando, Bibi asema: "Mgeni angesugua bakuli langu kwa mchanga bila kuniambia neno, ningedhani vyombo vyangu vyamnukia. Nenda kamwambie sasa hivi, asilale nalo."

Ami Bakari: Bibi kasema. Na ujue, mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu, huna la kuosha. Balaa ni mate na umajimaji. Kwa Imam Malik mbwa hata si najisi, ila sisi ni Mashafii, twamfuata Imam Shafii, tushike yetu.

Zuhura: Na mimi wiki nzima nafua suruali mara saba saba kwa vile hunilalia miguuni 😩

Mama: Maji ya watu hayo Zuhura!!

Zuhura: Haya, naenda. Niombeeni.

Khalati Mwanaisha: Nyama lakini wapata ya halali?

Swaleh: Khalati, Minneapolis Wasomali wamejaa, nyama si tatizo. Tatizo ni Zuhura.

Zuhura (21:37): Nimemwambia. Kumbe alikuwa akidhani sipendi vyakula vyake! Asema tangu nije sijafungua friji hata siku moja.

Mama: Kwa nini hufungui?

Zuhura: Si nangoja nikaribishwe. Yeye siku ya kwanza alisema jihudumie, chukua utakacho, akaona yamekwisha.

Khalati Mwanaisha: Mara moja tu?? Hata chai?

Zuhura: Mara moja khalati. Ukisema "asante nimeshiba" basi umeshiba, chakula kinaondolewa. Mimi nangoja ile "hebu ongeza kidogo", haiji. Nimelala na njaa siku nyingi tu.

Mama: 😭😭 mwanangu

Zuhura: Sasa bakuli langu limeandikwa jina, liko rafu ya juu. Na chini ya sinki ameweka kopo la kahawa limejaa udongo. Pia ameuliza Ramadhani ikifika daku tunaamka saa ngapi, naye aamke.

Ami Bakari: Mashallah.

Swaleh: Bibi auliza mbwa aitwa nani.

Zuhura: Biscuit.

Swaleh: Amecheka mpaka kahawa imemwagika. Asema mama mwenye nyumba mpe salamu zake nyingi. Mbwa usimpe.