Ushauri: mwanangu wa kidato cha pili ameletewa mkataba wa studio

Mama wa Mwanga
Habari zenu ndugu zangu. Kijana wangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Kigoma mjini. Alianzia kwenye kaswida madrasa, sasa anatunga mwenyewe, na wimbo wake mmoja unapigwa kwenye bajaji hadi Mwandiga. Mwenye studio kaleta mkataba wa miaka mitano: nyimbo zote ziwe zake, na mtoto apande jukwaani Ijumaa na Jumamosi usiku. Baba yake anasema tusaini. Mimi nauona mtihani wa upimaji wa kidato cha pili wa Novemba, na mtoto tayari anasinzia darasani. Kumkataza muziki siwezi, akiimba anang'aa. Nifanyeje?

Kibirizi Mwaloni
Dada, msisaini. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kuingia mkataba, ndiyo maana wanaitafuta saini yenu. Hapo kwenye "nyimbo zote" ndipo penye sumu. Wimbo ni mali ya aliyeutunga tangu anapouandika au kuurekodi. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujiwekea ushahidi. Lipieni kurekodi, mpewe risiti na mafaili yenu. Akaunti za kupandishia nyimbo mtandaoni zifunguliwe kwa namba yako.

Ticha wa Ujiji
Asiyefaulu upimaji anarudia kidato, na kwa mtoto mwenye jina mtaani aibu yake ni kubwa zaidi. Nenda kwa mwalimu wa darasa umweleze, maana akisinzia tunadhani ni uvivu. Usiku asipande kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sherehe za mchana zipo.

Mzee wa Bendi
Mama, na sauti je? Mvulana akibalehe koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inapasuka. Huyo bwana anainunua kwa miaka mitano sauti ambayo huenda mwakani isiwepo! Asilazimishe sauti za juu, wimbo ushushwe. Ikimkwaruza apumzike. Kipindi hiki ajifunze kinanda na aendelee kutunga. Nimeona vijana wengi wakiharibiwa koo umri huu, inaniuma.

Mama wa Mwanga
Asanteni sana. Kweli sauti imeanza kukwaruza. Mkataba naurudisha kesho, na baba yake nitamsomea haya yote usiku huu. Mzee wangu, kinanda cha kujifunzia nitakipata hapa mjini au niagize Dar?

Mzee wa Bendi
Ulizia kwanza kwa wapiga vinanda wa makanisani, huwa wanauza vya zamani. Kabla ya kulipa nenda na kijana akakijaribu.