Mwendesha boda wa Malindi nataka kuingia motokrosi, nianzie wapi?

KijanaWaMaweni:
Salaam aleikum wakubwa. Mimi niko hapa Malindi, kazi yangu boda, Boxer 150, barabara ya Marafa naipanda na mzigo hata mvua ikinyesha. Sasa nimeingiwa na hamu ya motokrosi, zile mbio za pikipiki za njia ya vumbi na matuta, usiku natazama sana video za Ross Branch yule wa Botswana aliyekuwa bingwa wa dunia wa rali za jangwani 2024, naona kama Mwafrika mwenzetu kafika kule hata sisi twaweza. Kuna jamaa anauza pikipiki ya mashindano, KTM 250 ya tu stroki (injini ya mipigo miwili), nikivunja akiba naifikia, hela zikibaki nitanunua helmeti. Nilikuwa nataka nijifue jioni kwenye vile vilima vya mchanga vya Mambrui halafu nitafute mashindano. Mama hataki hata kusikia. Nianze vipi nisije nikaumia mapema?

FundiGede:
Waaleikum salaam mdogo wangu. Hiyo KTM iache kwanza. Boxer yako ina kama hosipawa 12, hiyo ya mashindano inapita 40 na ni nyepesi kuliko Boxer, tena tu stroki nguvu yake haiji polepole, unafungua mafuta unaona kimya halafu ghafla inashika, tairi la mbele liko juu wewe uko chini. Tafuta ya upole kama Yamaha TTR 125 au Honda CRF 230, ujifunze nayo mpaka mwili uzoee.

Na hesabu yako umeigeuza, ati hela zikibaki ndio helmeti! Nguo za kazi kwanza, pikipiki baadaye. Helmeti iwe ya motokrosi yenye kidevu kirefu na alama ya usalama ya ECE, tena mpya, ya mtumba usiguse maana ile foamu ya ndani ikishapigwa vizuri mara moja imekwisha hata kama nje yang'aa. Kinga ya kifua, ya magoti, glavu, miwani. Halafu buti, hapa ndio watu wa boda tunadharau. Sisi tumezoea malapa na kutoa mguu kujizuia, sasa kwenye kona ya mchanga mguu ukishika chini pikipiki inaendelea mbele kifundo kinabaki nyuma. Buti ngumu ya kukaribia goti ndiyo inakuokoa hapo.

DadaWaZamu:
Mie niko wodini, hawa vijana tunawapokea kila mara, mtulinga umevunjika, kifundo cha mkono, na wa kichwa ndio wanaoniuma zaidi. Kaka yangu usiende kujifunza peke yako, hata mara moja. Ukigonga kichwa ukasikia kizunguzungu, ukatapika au ukasahau ulivyoanguka, siku hiyo umemaliza, hupandi tena hata ukijiona mzima, nenda ukaangaliwe. Na waambie wenzako mapema, akianguka mtu anapumua lakini shingo yauma wasimvue helmeti kwa pupa, na ile tabia yetu ya kumuweka majeruhi katikati mshikaki kwenye boda kumkimbiza hospitali waiache kabisa, shingo kama imevunjika pale ndio mnammaliza. Mlazeni, mshikeni kichwa kisitikisike, itafutwe gari.

MtuWaSabaki:
Nakubaliana na hao wawili. Mambrui usianzie kule, mchanga laini ndio mgumu kuliko yote, na kilele cha kilima upande wa pili hukioni, unaweza kuruka ukamkuta mtoto na mbuzi. Ufuoni nako kasa wanataga, mayai yako chini ya mchanga huyaoni, tafadhali tusiende kukanyaga. Omba shamba tupu la maramu huko ndani kwa ruhusa ya mwenyewe. Simama kwenye pegi, vile vyuma vya kukanyagia, magoti yabane tangi, viwiko juu, breki ya mbele kwa kidole kimoja, zungusha pikipiki kwa umbo la namba nane pole pole mpaka ikuchoshe. Kuruka baadaye sana.

Mashindano usiyakimbilie, panda basi uende Nairobi pale Jamhuri Park siku ya motokrosi uangalie tu, uulize leseni na daraja la wanaoanza. Jifunze bendera kabla ya yote: njano ikipepea hupiti mtu na huruki, buluu kuna mwenye kasi anakuzidi mzunguko mzima, nyekundu mbio zimesimama.

KijanaWaMaweni:
Nashukuru sana jamani, dada nimekuelewa. KTM nimeachana nayo, naanza na helmeti na buti. Kaka fundi, kuna TTR ya mtumba nimeiona Watamu, niangalie nini?

FundiGede:
Kabla hujatoa hata shilingi mwambie afungue filta ya hewa mbele yako. Pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kabureta, ukipata mchanga injini imeshaula, ondoka. Kukiwa safi nipigie picha ya cheni na spoku nitakwambia.