Juu ya nini tunaaminiaka banasiasa mbio vile? Swali ya kweli, munisaidie

Mwana_Ruashi

Jambo bote. Niko na swali yenye inanisumbua na hapa nyumbani kila mutu ananiambia niache, eti siasa haitatupa bukari. Basi naileta huku.

Kwetu pa Ruashi, komini ya Lubumbashi, wakati ya kampanye ya 2023, kandida mumoja wa depite (mubunge) alichimba foraje, kisima ya pompi, mu avenyi yetu. Alikuya yeye mwenyewe na fanfari, ba mama bamevala bikwembe ya sura yake, akafungua robine mbele ya kamera, maji ikatoka, akakunywa kikombe, tukapiga makofi. Grupu (jenereta) yenye ilikuwa inavuta ile maji ilikuya ndani ya kamiyoneti yake, na mangaribi kamiyoneti ikarudi na grupu. Hakuna mwenye hakuona, vijana ba avenyi ndio balisaidia kuinyanyua! Toka ile siku robine haijatoa ata tone. Tanki ya plastiki iko pale juu, bantu bamefunga kamba ya kuanika nguo ku miguu yake.

Sasa chenye kinaniuma ni hiki. Juma yenye ilipita kulitembea odio mu gurupu za WhatsApp, mutu hajitaji jina, anasema ule mukubwa alitafuta feza ya foraje kumi lakini maadui zake ba Kinshasa bakaizuia. Hakuna tarehe, hakuna karatasi, hakuna jina ya maadui. Na bale bale ba mama benye banaamuka saa kumi ya usiku kwenda kuchota na mabido (madumu) banasema maskini, yeye ni mutu muzuri, babaya ni benye bako juu. Mi niliuliza tu, huyu mwenye anasema ni nani? Balinikasirikia sawa vile nimetukana muzazi wao.

Ni masomo inakosekana? Lakini niko na ba rafiki pa Unilu, universite ya Lubumbashi, licence mu mukono, na bao balinitumia ile ile odio na kuniambia sikiliza ukweli. Basi ni kitu gani inatufanya vile?

Mwalimu_wa_Kasapa

Ndugu yangu, hilo la masomo ngoja nilijibu kwa sababu ndiyo kazi yangu, nafundisha elimu ya uraia. Masomo yapo, shida ni namna tunavyosomesha. Mtoto anaandika chenye kiko ku tablo, anakikariri, siku ya mtihani anakirudisha vilevile, anapata pointi. Mwenye kunyoosha mkono na kuuliza "mwalimu, umejuaje?" anaambiwa ni mkaidi na saa ingine anapigishwa magoti. Tunamlea hivyo miaka kumi na mbili halafu tunashangaa akifika Unilu anaamini odio.

Lakini kuna kitu kingine chenye naona ni kikubwa zaidi, watu hawajui kazi ya depite ni nini. Muulize mtu yeyote wa sokoni atakwambia depite ni wa kutuletea maji, njia, kusaidia matanga. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 100, inasema bunge linapiga kura ya sheria na linachunguza serikali pamoja na mashirika ya Leta (dola). Kifungu cha 138 kinampa vyombo vya kufanyia ile kazi: swali la mdomo au la maandishi kwa waziri, interpelasio (kumwita waziri ajieleze mbele ya bunge), tume ya uchunguzi. Foraje haimo. Kwa hiyo mtu akija na foraje, swali la kwanza ni hili, feza ilitoka wapi? Kama ni ya mfuko wake, atairudishaje? Kama ni ya Leta, mbona iko na sura yake?

Na hapo kwenu Ruashi kuna jambo lingine tena, maana nyinyi mnaona makamio ya mawe ya shaba yanapita usiku na mchana na vumbi mnaikunywa nyinyi. Soma Kodi ya Mine, yaani sheria ya migodi, ilivyorekebishwa 2018, kifungu cha 242. Ile redevansi, malipo ya kuchimba mawe, yenye kampuni ya mine inalipa inagawanywa hivi: asilimia 50 Kinshasa, 25 provinsi, 15 kwa komini au sekta au shefferi yenye mine iko ndani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Juu ya hiyo kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Hiyo si zawadi ya mtu, ni haki ya watu, imeandikwa. Mimi sijawahi kusikia mkutano wa kampanye wenye mtu alisimama akauliza kandida: ile 15 ya mwaka jana ilijenga nini? Watu wanauliza triko (tisheti) za kampanye ziko ngapi.

Tena 20 Desemba 2023, siku ileile ya rais na madepite, kwenye miji mikubwa ya provinsi tulichagua pia washauri wa komini, mara ya kwanza toka hii Katiba. Hawa ndio wanakaa karibu na nyinyi na ndio wa kupiga kura ya bidje (bajeti) ya komini. Nani hapa anajua jina la mmoja wao?

Fundi_Kamalondo

Mwalimu na heshima yote, munapenda kusema bantu ni bajinga. Mi nasudaka milango ya chuma hapa Kamalondo, sikufika mbali na kelasi, lakini nitakuambia vile tunafikiri.

30 Desemba 2018 mi nilifika ku biro ya kura asubui mapema, nikashimama na mvua, mashini ikakufa, ikapona, nikapiga kura. Usiku babandika PV, karatasi ya matokeo, ku ukuta, tukapiga foto na telefone, tukaandika namba mu kaye, vile munataka tufanye. Ba askofu ba Katolika ba CENCO balikuwa na bachunguzi karibu 40,000 inchi muzima na balisema wazi matokeo yenye CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza haifanane na ile beye balikusanya. Na nini ilitokea? Koti ya Katiba ikakubali yale ya CENI, ikaisha. Sasa mwenye alihesabu namba na mwenye alilala nyumbani, nani alipata kitu?

Kwa hiyo 2023 kandida akikuya na kilo mbili ya muchele na kikwembe, mama anasema wacha nichukue yenye iko mbele ya macho juu ile ingine siitaione. Ule mama haiko muyinga, ameshapiga hesabu. Na benye banafanya maovu banajulikana, 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za bakandida 82, balikuwa mule ba waziri na ba gavana, sababu ya wizi, kuhonga na ya kupatikana na mashini za kura kinyume ya sheria. Mashini za kura! Basi musinihukumie mama na bunga yake, mwanzeni na benye balikuwa na mashini.

Mwalimu_wa_Kasapa

Fundi, kuhusu njaa nakukubalia, na kwenye hilo la mashini niko na wewe kabisa. Lakini sikia, CENCO ilipata wapi nguvu ya kusema yale matokeo hayalingani? Ni kwa sababu kulikuwa watu kama wewe walisimama mpaka usiku kuandika namba. Bila ile kaye yako leo wizi wa 2018 ungekuwa maneno ya radio trotuari tu, huyu anasema hivi na yule anasema vile.

Na kuchukua muchele siyo shida yangu. Muchele anakula kwa siku tatu. Shida ni kwamba baada ya muchele anaanza kumtetea, anagombana na jirani kwa ajili yake, kama ba mama wa Ruashi na ile odio.

Vye_wa_Likasi

Batoto bangu, munaongea foraje na muchele, mi nitawaambia kitu chenye niliona na macho.

Nilikomalia pa Likasi, papa alikuwa anatumika Gécamines, kampuni ya Leta ya shaba, pa Shituru. Jirani yetu wa ukuta alikuwa mutu wa Kasai, fundi wa umeme, batoto yao balikuwa banakula kwetu na siye kwao, mama yao alitupikiaka matamba na mafuta ya ngazi. 1991 Kyungu wa Kumwanza anakuwa gavana wa kwetu Katanga. Mu mikutano banaanza kuita Bakasai "bilulu", wadudu. Banasema kazi yote ya Gécamines beye ndio baliikamata, bakienda kwabo kila Mukatanga atakuwa na kazi na nyumba. Agosti 1992 Konferansi ya taifa mu Kinshasa ikachagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa premye (waziri mukuu) pa fashi ya Nguza, mutu wa Katanga, na pa Likasi moto ikawaka. Bantu balitolewa mu nyumba zenye balizaliwa ndani, balilala ku gare majuma na majuma mu hewa, kungojea treni ya Kasai, batoto banakufa na kuhara pale pale ku reli. Jirani yetu alibeba mashini ya kushona na sufuria mbili, ile ingine yote ikabaki. Benye balikuya kuvunja mulango tulikuwa tunabajua, tulisoma nabo kelasi moja.

Sasa kazi, ilipatikana? Gécamines ilikuwa inatosha tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, mu 1994 haikufikisha 50,000. Mugodi ya Kamoto ilishabomoka toka 1990, mashini zilikuwa zinazeeka bila vipuri, feza ilikuwa inaliwa na benye bako juu. Hakuna fundi wa umeme wa Kasai mwenye aliangusha Kamoto. Na ile ilikuwa wazi, kila mutu mwenye alikuwa anaingia mu izine (kiwanda) alikuwa anaona, papa yangu alikuwa anasema vile ku meza ya jioni, lakini inje hakusema, na siye hatukusema.

Tena mujue kitu kimoja. Kyungu na Tshisekedi balikuwa pamoja kati ya ba depite 13 benye baliandikia Mobutu barua mu 1980. Na mu 2016 balikuwa tena pamoja ndani ya Rassemblement, muungano ya upinzani. Beye balikutana, balishikana mukono. Ule jirani yetu hakurudi.

Ndio maana mi nikisikia mutu anasema "shida yenu yote inatoka kwa bantu fulani", ata akiwa wa kabila yangu, nasimama naenda zangu nyumbani.

Mama_Butembo

Shikamoo mzee, asante kwa kuandika hiyo, nimesoma mara mbili.

Mimi ni mtu wa Butembo, kule Kivu ya Kaskazini, niko hapa Lubumbashi na biashara ya bitambaa, nataka niongeze upande mwingine kwa sababu sisi kwetu hatukuanguka kwa kuamini sana, tulianguka kwa kukataa kila kitu. Ebola ilitangazwa Agosti 2018. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa toka Oktoba 2014 na hakuna mtu alikuja, na sasa ghafla ma jeep mpya, wazungu, feza inamwagika. Watu wakajiuliza, mbona tulipokuwa tunakufa na panga hamkuja? Swali zuri hilo, la mtu mwenye akili. Kosa lilikuwa kwenye jibu, maana kulikuwa wanasiasa walikuja mbio na jibu tayari: Ebola haiko, ni biashara, ni mupango wa kutumaliza. Watafiti waliuliza watu 961 Beni na Butembo Septemba ile 2018, zaidi kidogo ya mmoja kwa wanne alisema Ebola haiko kabisa. Halafu Desemba CENI ikatuondoa kwenye uchaguzi kwa sababu ya Ebola na usalama, eti tutapiga Machi, wakati rais angekuwa ameisha kuapa! Hapo hata mwenye alikuwa anaamini akaanza kusema mnaona? Beni watu walijipangia uchaguzi wao wenyewe siku ya 30, na siku tatu kabla ya hapo vijana walikuwa wamevamia kituo cha wagonjwa wa Ebola.

Aprili 2019 dokta Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuliwa Butembo ndani ya hospitali akiwa kazini. Mpaka Juni 2020 ugonjwa unaisha, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Shemeji yangu alikataa chanjo. Yule mwenye alimubadilisha hakuwa waziri wala mzungu, alikuwa muuguzi wa karitye yetu mwenye alizalisha watoto wake wote, alikuja akakaa kwenye kiti, akamwacha aulize saa nzima, na kwa kila swali lenye hakujua alisema hili sijui nitauliza, na kesho yake alirudi na jibu. Yule shemeji anaishi mpaka leo.

Kwa hiyo Mwana_Ruashi, wale ba mama usiwaulize mbele ya gurupu yote. Uliwapa haya, ndiyo maana walikasirika. Nenda kwa mmoja mmoja mkiwa mnachota maji.

Mwana_Ruashi

Mama asante sana, ile ya haya sikuifikiri kabisa. Na vye, nilionyesha papa yangu yenye uliandika, alinyamaza murefu kisha akaanza kunihadisia mambo yenye hajawahi kutuambia.

Jana nilienda ku kisima na mama mumoja wa avenyi, ule mwenye alicheza sana siku ya foraje. Sikumusema kandida. Nilimuuliza tu kama anajua makamio zenye zinapitaka zinalipa komini. Alishimama na bido yake, akasema zinalipa nani? Nikamuelezea ile asilimia 15. Akaniuliza paka kitu kimoja: na hiyo karatasi yenye inaonyesha feza, iko wapi, siye tunaweza kuiona?

Sikuwa na jibu. Mwalimu, mutu anaomba namna gani?

Mwalimu_wa_Kasapa

Andikeni barua kwa burgumestre, mkuu wa komini, kopi kwa baraza la washauri wa komini. Ombeni mambo mawili tu, bidje ya mwaka huu, na kiasi gani cha redevansi ya mine kiliingia mwaka uliopita na kilitumika kwa nini. Msiweke matusi, msiweke jina la chama. Wakiwaambia hiyo feza inaenda kwa komini nyingine, waombe karatasi yenye inasema hivyo. Watie sahihi watu wengi wa avenyi, na huyo mama awe wa kwanza. Mnapeleka mkiwa watu watatu, mnabaki na kopi yenu, na ile kopi lazima wawapigie muhuri na tarehe kwamba wamepokea. Watawaambia mwenye muhuri ametoka, ngojeni mpaka arudi.

Fundi_Kamalondo

Mukikosa ya tatu wa kwenda naye muniite. Siku ya tano sitafungua atelye.